Mtu wa Saba wa Nyumba 214

Namba mnazoziona kwenye milango ya mji wetu wa Baraka, kuanzia sokoni hadi nyumba za mwisho kule mtoni, ni mkono wangu. Zile mlizopaka upya ninyi vijana zinajulikana: nane yenu imelala kama mlevi. Nane yangu imesimama. Naanza na hilo ili mjue anayeandika ni nani. Mimi ni Mmunga, mtu wa Kilembwe, kule milimani. Shule niliiacha darasa la tano, na nimewafundisha madaktari kuhesabu watu.

Magoti yangu yamestaafu kabla yangu, nami nimeyafuata. Siku ya kuniaga, Docta Riziki, mkuu wa kituo chetu cha utafiti, aliniambia, "Papa Mmunga, andika kazi yako, batoto basome." Alidhani nitajaza kurasa mbili na kumshukuru kila mtu. Nitashukuru wawili. Vyeo na mishahara sitaandika, maana vyeo havikunifundisha kitu. Kilichonifundisha ni brashi, sahani, na nyumba moja kule Lweba.

Kabla ya kazi hii nilikuwa napaka majina ya mitumbwi ya injini pale bandari ya Kazimia. Mtu wa milima mimi, ziwa nililiona nikiwa na ndevu tayari, lakini hakuna mwenye chombo aliyekubali jina lake liandikwe na mkono mwingine. Siku moja akaja bwana mrefu, viatu vyeusi vimejaa mchanga, akasimama nyuma yangu nikimaliza herufi ya mwisho. Akauliza kama naweza kuandika namba. Nikamwambia, "Namba njo rahisi, papa. Namba haina makosa ya kuandika."

Alikuwa profesa wa shule ya afya ya umma ya chuo kikuu, kutoka mjini. Sisi wote tulimwita Profesa tu. Shule yake, alivyonieleza tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ilikuwa inawafundisha wanafunzi magonjwa ubaoni. Kijana anatoka na diploma hajawahi kumuuliza mama mmoja amezaa wangapi na amezika wangapi. Yeye alitaka mahali ambapo kila nyumba ina namba, na kila mtu wa nyumba ameandikwa, na mara tatu kwa mwaka mtu anapita kuuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Miaka na miaka.

Nikamuuliza faida yake nini.

"Kipindupindu kikija, tujue kimekula nani," akasema. "Na kabla hakijaja, tujue anafuata nani."

Maneno hayo yalinikaa mgongoni kama maji baridi. Nikakubali kazi.

Kituo wakati huo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya: meza, viti viwili, sanduku la chuma la kuwekea rejista. Leo mna majengo matatu na jenereta, na wanafunzi wanapanga foleni ya choo. Nilianza na kopo la rangi ya buluu iliyobaki kwenye mitumbwi, brashi mbili, kalamu niliyofunga shingoni kwa uzi wa wavu, mfuko wa plastiki wa kukinga fishi na mvua, na fimbo ya mbwa. Fishi, kwa ambao wamezaliwa na tablete mkononi, ni karatasi ya maswali. Iliandikwa kwa kalamu. Ukikosea, kosa lilibaki linakutazama.

Wa kwanza wa kumshukuru ni Mama Byaombe. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na nusu ya Baraka ilipita mikononi mwake ikitoka tumboni. Profesa alimpa kazi ya kunifundisha. Siku ya kwanza nilirudi na fishi ishirini, nimejaa sifa. Akazisoma zote, akanirudishia.

"Hapa umeandika batu kumi na mbili."

"Ndiyo, mama. Bamesema kumi na mbili."

"Wiki iliyopita bamesikia tutagawa vyandarua. Ile nyumba iko na vitanda vitatu na kuku. We ulihesabu kuku?"

Akachomoa fishi nyingine.

"Na hapa umeandika batatu. Ile nyumba imeficha familia ya Burundi ku chumba ya nyuma, baliogopa utabapeleka ku kambi ya bakimbizi. Mudomo wa mutu ni mulango, Mmunga. Unafungwa na unafunguliwa. We tafuta dirisha."

Nilitafuta dirisha, nikalipata peke yangu, bila kitabu. Lilikuwa sahani. Mtu anaweza kudanganya idadi ya watu, lakini mchana, bugali ikishapikwa, mama hawezi kuficha sahani. Mgeni aliyefichwa anakula. Mtoto wa kubuni hali. Kwa hiyo nikawa naingia nyumba wakati wa chakula, nasalimia, nakataa kiti mara moja, nakubali mara ya pili, na wakati wanasema majina mimi nahesabu sahani zilizotumika. Zikilingana na majina, naandika. Zisipolingana, nauliza tena taratibu. Mwaka ule wa kwanza Profesa alituma watu kurudia nyumba zangu, wakakuta hesabu imesimama kama nane yangu. Akaiita njia ya sahani. Akaiandika ubaoni kule mjini. Wanafunzi wa chuo kikuu, watu wenye miwani, waliandika kwenye madaftari yao jinsi mtu wa Kilembwe anavyohesabu. Niliwaambia watu wengi jambo hilo. Niliwaambia hata waliolisikia jana yake.

Ndipo kazi ikapanuka hadi Lweba, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa ziwa, nami nikaenda na kopo langu.

Nyumba 214 ni ya udongo, imetazama ziwa, na kati ya mlango na maji hakuna kitu ila mawe na kamba ya kuanikia nguo. Mwenyewe ni Mama Ngena, mjane, mwembamba, hacheki ovyo. Siku napaka namba, rangi ilikataa kukauka. Nilipaka saa nne asubuhi, jua kali, saa nane bado inachuruzika. Nililaumu kopo.

"Muko bangapi, mama?"

"Saba." Akataja: mama yake mzazi, yeye mwenyewe, watoto wanne wa kike na wa kiume wenye kujazana mlangoni, na wa kwanza wao, Asende, miaka ishirini, mvuvi.

"Naona sita."

"Asende iko ku ziwa. Atarudi kula."

Nikahesabu sahani. Saba, zote zimetumika, zimeoshwa, zimepangwa juu ya ubao. Sita zilikuwa zimekauka. Ya saba ilikuwa na maji.

Kwenye fishi palikuwa na vijumba viwili vya kutia alama: ameonekana, au ametajwa tu. Mpaka hapo sikuwa nimemuona Asende. Lakini niliona sahani yake. Niliona shati lake kwenye kamba, la mistari, linadondosha maji. Na yule mtoto wa mwisho, msichana wa miaka sita hivi aitwaye Sifa, alinivuta suruali akasema, "Ametoka sasa hivi, papa. Mungekutana ku mulango." Nikatia alama: ameonekana. Njia yangu ilisema yupo, na njia yangu ilikuwa ubaoni mjini.

Zamu iliyofuata, vilevile. Sahani saba, moja imelowa. Shati la mistari linadondosha. Asende katoka sasa hivi. Kiangazi, mwezi ambao hata matope ya Lweba yanapasuka, shati lile linadondosha, na chini yake mchanga una kishimo cha matone kama chini ya mchirizi wa bati. Nilikiona. Nilisema moyoni, hawa wanafua sana. Nikatia alama. Miaka mitatu, zamu tisa, alama tisa, na saini yangu chini ya kila moja.

Ninyi mtacheka. Chekeni. Nimepita nyumba elfu na elfu, na mtu anayepita hivyo hachunguzi shati.

Mwaka wa nne wa Lweba Profesa alikuja na habari. Shule ilikuwa inachagua mahali pamoja pa kuwafundishia wanafunzi wake wote kazi ya uwanjani, kila mwaka. Wangejenga, wangeleta walimu, na vijana wa eneo letu la Fizi wangefundishwa bila kupanda boti kwenda mjini. Kulikuwa na mahali pawili panashindana, sisi na wengine. Watakaopata ni wenye rejista safi. Nyumba thelathini zingechaguliwa kwa bahati, mtu mgeni azirudie peke yake, na rejista ikikutwa na uongo hata wa nyumba moja, basi.

Mtu mgeni alikuwa Docta Riziki. Wakati ule alikuwa ametoka shuleni juzi, mdomo mkali kama wembe mpya. Aliweka vikaratasi vya namba kwenye kofia yangu, akanisukumia.

"Vuta we mwenyewe, papa. Usiseme kesho nilikuonea."

"Mi siogope, docta. Vuta hata zote."

"Batu bote bakubwa basemaka vile mbele ya kuanguka."

Nikavuta thelathini. Ya kumi na saba ilikuwa 214. Sikuhisi kitu.

Asubuhi yake Docta Riziki alipanda pikipiki kwenda Lweba. Mimi nilibaki kituoni nikimsomea Mama Byaombe orodha, nikijisifu kwa kila jina. Mama Byaombe alikuwa hashughuliki na Lweba, kazi yake ilikuwa Baraka tu, ndiyo maana hakuwahi kuziona fishi zile. Nilipofika 214 akaniinulia mkono.

"Soma tena."

Nikasoma. Mama Ngena, mama yake, Asende...

"Asende gani?"

"Mutoto wake wa kwanza. Muvuvi."

Akavua miwani. "Mmunga. Huyo mutoto nilimutoa mi mwenyewe tumboni mwa mama yake. Ziwa lilimukamata. Mutumbwi ulirudi, yeye hakurudi. Ni mbele we uanze kupaka namba kule."

"Mama, iko anakula. Sahani..."

"We mutu wa milima," akasema polepole, na hiyo ndiyo mara pekee nilimsikia akishusha sauti. "Ile familia ya ku maji, mutu akibaki ziwani bila maiti, habasemi amekufa. Habafungui kilio. Banamuwekea sahani mupaka ziwa imurudishe. Kila mutu wa Lweba anajua. Hakuna mutu anahesabu ile sahani."

Nilihesabu mimi. Mara tisa.

Nilichukua pikipiki ya kituo bila kuomba. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumzuia Docta Riziki. Nitasema nilichanganya nyumba. Nitasema nilikuwa na mafua. Sitawaficha: sikuwaza marehemu hata kidogo. Niliwaza ubao wa mjini na jina langu likifutwa kwa dasta.

Nilifika mchana, jua kichwani, kijiji kimya jinsi kinavyokuwa wavuvi wakilala. Docta Riziki alikuwa anatoka mlangoni, anafuta kiganja kwenye sketi.

"Papa Mmunga! Ulikuja kunichunguza? Tulia. Saba. Bote saba, nimebaona kwa macho."

"Umeona... Asende?"

"Si huyo murefu? Shati ya mistari. Alikuwa anakaa ku kiti pale kwa mulango wa nyuma, ametoka kuoga ziwani, maji inatiririka tu. Nilimuambia ajipanguse, atashika homa. Alinipa mukono." Akaangalia kiganja chake. "Baridi kama mutu ametoka ku frigo. Haongei sana."

Akanionyesha fishi. Kwenye mstari wa saba wino ulikuwa umesambaa, na katikati ya wino palikuwa na alama ya kidole gumba.

Alipanda pikipiki akaenda nyumba nyingine, anaimba. Mimi nilibaki pale. Nilikuwa nimeokoka. Mtu mgeni, msomi, ameona saba. Ningeweza kugeuza pikipiki na kurudi Baraka kula.

Mama Ngena alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama.

"Ingia, papa."

Ndani kulikuwa na kiti kwa mlango wa nyuma. Kitupu. Chini yake dimbwi la maji, na kutoka kwenye dimbwi nyayo kuelekea ziwani, moja baada ya nyingine, zinakauka huku naziangalia.

"Mama," nikasema, "Mama Byaombe ameniambia."

"Alichelewa kukuambia."

"We mwenyewe ulinidanganya."

"Nilikudanganya wapi? Uliuliza tuko bangapi. Nikasema. Ni we njo ulitia alama ya kuonekana." Hakupandisha sauti. "Mi nilikuwa namuwekea sahani sawa bamama bote. Mbele we uanze kupita, alikuwa anakuja mara moja moja, mu ndoto, anasimama mbali, anaenda. Vile ulianza kumuandika, akaanza kuja muchana. Ulimuandika tena, akakaa. Kila zamu unapita, anakaa zaidi. Mutu mwenye ameandikwa ku kitabu ya serikali, nani atamuambia aende?"

Nikamwambia si kitabu cha serikali, ni cha chuo kikuu. Ndiyo maneno niliyopata. Mungu anisamehe.

"Mwanzo nilifurahi," akasema. "Mama gani hatafurahi? Lakini angalia."

Akamuita Sifa. Mtoto alikuwa na miaka tisa sasa. Alikuja kutoka upande wa maji, gauni limelowa mpaka kifuani, nywele kavu. Mama Ngena akaniambia kwamba wiki ya kwanza lilikuwa limelowa miguuni. Halafu magotini. Kila siku, baada ya chakula, anamsindikiza kaka yake.

"Unaenda wapi naye, Sifa?" nikauliza.

"Mbele kidogo tu, papa. Anasema kule ni pazuri lakini iko peke yake." Akafikiri. "Kesho nitafika ku shingo."

Mama yake akanishika mkono kwa mikono miwili. Mjane wa Lweba hamshiki mwanamume mgeni mkono hivyo. "Mutoe," akasema. "We njo ulimuingiza. Mi nikisema amekufa, kitabu inasema iko. Mutoe mu kitabu, nifungue kilio. Leo."

Kumtoa mtu rejistani kuna njia moja, na ninyi mnaijua. Fishi ya kifo. Si kufuta. Mnakaa na aliyefiwa, mnauliza kila swali: aliumwa lini, alikuwa na homa, alikuwa na jeraha, nani alikuwa naye mwishoni. Na tarehe ya kifo inaandikwa. Tarehe ya Asende ingekuwa kabla ya zamu ya kwanza. Kila atakayefungua rejista ataona marehemu aliyeonekana mara tisa na Mmunga, mwenye njia ya sahani. Kituo kingeenda kwa wale wengine.

Nilisimama pale muda ambao sipendi kuuandika urefu wake. Nilikuwa naangalia gauni la Sifa.

Nilimkuta Profesa kituoni anakunywa chai. Docta Riziki alifika nyuma yangu. Nilisema yote, nimesimama, kofia mkononi. Na hapo ndipo nilipoaibika kwa namna ambayo sikuitegemea: hawakuniamini.

"Papa amechoka," akasema Docta Riziki. "Profesa, mi nilimushika mukono huyo kijana."

"Alikufa, docta."

"Mutu amekufa haoge, papa. Huyo alinilowesha."

"Hakutoka kuoga," nikamwambia.

Akatazama kiganja chake. Akakaa. Mama Byaombe, aliyekuwa kwenye pembe ya chumba, akasema kwa sauti yake ya kuamsha mtaa, "Mutoto yule alizaliwa na kidole gumba cha kuume kimepasuka ku nyama, katikati. Toa ile fishi."

Docta Riziki aliitoa. Alama ya gumba ilikuwa imekauka kwenye wino, na katikati yake ulipita mstari mmoja mweupe, umenyooka.

Profesa hakusema kitu kuhusu gumba. Ni mtu wa sayansi. Aliweka kikombe chini, akachukua fishi ya kifo kwenye sanduku, akasema, "Twende kabla ya chakula cha kesho." Nikamwambia kesho ni shingoni. Akavaa viatu.

Tulifika Lweba saa kumi, jua bado liko juu ya milima. Profesa mwenyewe aliuliza maswali, kwa upole ambao sijauona tena kwa mtu, na huyu ndiye wa pili ninayemshukuru. Ninyi mnaharakisha fishi ya kifo kama mnapimwa kwa saa. Yeye aliweka kalamu chini kila baada ya swali, na kuiokota jibu likishatoka.

Kiti kilikuwa palepale. Hakuna aliyekikalia. Tulikuwa tunasikia matone.

"Nani alikuwa naye mwishoni?"

"Maji," akasema Mama Ngena.

"Alikuwa na jeraha mwilini?"

"Sijui, papa. Sikumuona."

"Mguu wa kushoto," akasema Sifa. "Kamba ya wavu ilijifunga hapa." Akajigusa kifundo.

Profesa akaweka kalamu chini. "Nani alikuambia, mwanangu?"

"Yeye. Mbele kidogo." Habari ya ile kamba hakuna aliyeiuliza tena. Profesa aliiandika.

Lilibaki swali la mwisho kwenye ukurasa, ambalo kwa kweli ndilo la kwanza. Profesa aliligeuzia kwangu. "Wewe ndiye uliyemuandika, Mmunga. Malizia."

Nikachukua kalamu, nikauliza. "Mama Ngena, mutoto wako Asende, iko ama amekufa?"

Alikigeukia kile kiti. "Asende, mutoto yangu," akasema, si kwetu, "umekula ya kutosha." Kisha akasema neno. Alisema, "Amekufa."

Nikaandika, nikatia saini. Bibi mzaa mama akapiga ukelele, majirani wakaitikia kama waliokuwa wamesimama nje miaka yote wakisubiri, na kilio kikafunguliwa. Nilitoka nje nipumue. Shati la mistari kwenye kamba lilikuwa linapeperuka. Nililigusa. Lilikuwa kavu, gumu, limefifia rangi, shati lililoanikwa juani miaka mingi.

Kituo tulipewa sisi. Sikuambiwa kwa nini, na mimi, mnavyonijua, niliuliza. Wanafunzi wa kwanza walikuja mwaka uliofuata, kumi na wawili, wamevaa viatu vya mjini. Njia ya sahani ilifutwa ubaoni. Mahali pake sasa pana somo zima linaloitwa kosa la sahani, mwanafunzi hapati diploma bila kulijibu, na jina langu limo. Makosa ya watu wengine hayafundishwi popote.

Docta Riziki akabaki Baraka mpaka akawa mkuu. Kama mlivyoona, hasalimii mtu kwa mkono, anainamisha kichwa tu. Wanafunzi wanadhani ni somo la kujikinga na kipindupindu, na wote sasa wanainamisha vichwa. Nimewaacha. Haina madhara.

Sasa ya mwisho, nayo ni ya kazi. Rejista za zamani mmezihamishia kwenye tablete. Zamu yangu ya mwisho nilipita 214 na kijana mmoja wenu, na tablete ilipofunguka ilionyesha mstari wa saba, na swali: yupo? Kijana akasema ni kasoro ya mashine, mstari huo haufutiki, wamejaribu mjini, unarudi. Sawa. Basi kila zamu bonyezeni hapana. Kila zamu. Msiruke, na msibonyeze ndiyo kwa uchovu au kwa haraka ya kula. Nane zenu zilale zinavyotaka, lakini hilo mlifanye kwa mikono yenu miwili.

Na Sifa, wewe umeingia kazini mwaka huu, una kalamu nzuri, na umepewa Lweba. Nimemuomba Docta Riziki nyumba ya mama yako aipite mtu mwingine. Ulikasirika, ukasema unaijua kuliko wote. Ndiyo sababu. Ni swali moja tu pale, na wewe ulimpenda kaka yako.

Jana ulikuja kuniaga hapa nyumbani. Wenzako wote waliinamisha kichwa. Wewe ulinipa mkono, nami niliushika kwa muda mrefu, ukacheka, ukasema papa amezeeka, sasa analia. Sikuwa nalia, mwanangu. Nilikuwa napima. Ulikuwa mkavu, na una joto.